Mabadiliko ya ghafla ya homoni kwa mwanamke kijana

Mabadiliko ya ghafla ya homoni kwa mwanamke kijana ni hali ambayo dalili zinazotokana na vichocheo vya mwili hujitokeza ndani ya wiki au miezi michache kwa msichana au mwanamke aliyekuwa mzima. Mifano ni hedhi kukoma, kuota ndevu, matiti kutoa maziwa bila mtoto, au uzito kuongezeka kwa haraka. Hali hii si ugonjwa mmoja, bali ni alama inayoweza kutokana na vyanzo vingi, vingine vidogo na vingine vya hatari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni utambuzi, yaani kujua chanzo kabla ya kuanza dawa.

Homoni na tezi

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusafirishwa kwa damu ili kuongoza kazi za viungo vingine. Neno hilo lilianza kutumiwa na mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, miaka mitatu baada ya yeye na William Bayliss kugundua homoni ya sekretini.

Tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, iko chini ya ubongo. Hutuma homoni za LH na FSH kwenye ovari, TSH kwenye tezi ya shingoni (ile inayovimba na kuitwa rovu au goita), na ACTH kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Pia hutoa prolaktini inayoamsha maziwa. Ovari nazo hutoa estrojeni, projesteroni na kiasi kidogo cha testosteroni. Kwa kuwa tezi hizi zimeunganishwa, kasoro ya moja huonekana mahali pengine: uvimbe ulio kichwani unaweza kujulikana kwanza kwa maziwa kutoka kwenye matiti.

Umuhimu wa muda

Swali muhimu kuliko yote ni: dalili zilianza lini, na zinaongezeka kwa kasi gani? Nywele za kidevuni na chunusi zilizoanza wakati wa kubalehe na kuongezeka polepole kwa miaka mara nyingi hutokana na sindromu ya ovari yenye vifuko vingi. Lakini nywele hizohizo zikitokea ndani ya miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, upara wa mbele ya kichwa au kinembe kukua, daktari anapaswa kutafuta uvimbe wa ovari au wa adrenali unaotoa homoni za kiume. Uvimbe wa namna hiyo ni nadra, lakini baadhi yake ni saratani.

Kuhusu hedhi, uchunguzi unahitajika ikiwa imekoma kwa miezi mitatu kwa mwanamke aliyekuwa akiipata kwa utaratibu, au miezi sita kwa yule ambaye mzunguko wake haukuwa na utaratibu.

Vyanzo vikuu

* Mimba. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya hedhi kukoma, hata pale mhusika anapoamini haiwezekani.
* Njia za uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu hubadilisha au kusimamisha hedhi kwa wanawake wengi, na hedhi huweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi baada ya kuacha. Vijiti pia hubadilisha hedhi.
* Dawa nyingine. Metoklopramaidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini.
* Vipodozi na dawa za kunenepesha. Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali, pamoja na vidonge vya deksamethasoni vinavyomezwa ili kunenepa, huleta uso wa mviringo, mistari ya zambarau tumboni, chunusi, shinikizo la damu na kisukari. Dalili hizi zinafanana na za ugonjwa ulioelezwa na daktari Mmarekani Harvey Cushing mwaka 1932.
* Magonjwa ya tezi ya shingoni. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, jasho na kukonda. Ikilegea huleta uchovu, kuhisi baridi na hedhi nzito au ya kuyumba.
* Uvimbe wa pituitari unaotoa prolaktini. Huleta maziwa na kukoma kwa hedhi. Ukiwa mkubwa husababisha pia maumivu ya kichwa na kupungua kwa uwezo wa kuona pembeni.
* Sindromu ya ovari yenye vifuko vingi. Ilielezwa na Irving Stein na Michael Leventhal mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba inawapata kati ya 8% na 13% ya wanawake wenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa nayo.
* Ovari kuchoka mapema. Hedhi hukoma kabla ya umri wa miaka 40, pamoja na vipindi vya joto kali mwilini.
* Lishe duni, kukonda sana, msongo wa mawazo, na magonjwa ya muda mrefu kama kifua kikuu. Kifua kikuu kinaweza kushambulia mji wa mimba au tezi za adrenali.

Hatua za uchunguzi

Utambuzi mzuri huanza kwa mazungumzo na kupima mwili, si kwa mashine. Mgonjwa hueleza tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa na vipodozi anavyotumia, na magonjwa ya ukoo. Mhudumu hupima uzito na shinikizo la damu, hupapasa shingo na tumbo, na huangalia ngozi.

Baadaye hufuata vipimo kwa utaratibu, vya bei nafuu kwanza:

1. Kipimo cha mimba cha mkojo na sukari ya damu.
2. TSH na prolaktini, na FSH ikiwa hedhi imekoma. FSH iliyo juu huweza kurudiwa baada ya wiki kadhaa ili kuthibitisha.
3. Testosteroni, ikiwa kuna nywele au sauti nzito. Kiwango kinachozidi takriban nanomoli 5 kwa lita huongeza shaka ya uvimbe.
4. Altrasaundi ya nyonga, inayoonyesha mji wa mimba na ovari.
5. CT skani ya adrenali au MRI ya pituitari, pale tu majibu ya damu yanapoelekeza huko.

Vifuko vinavyoonekana kwenye altrasaundi peke yake si ushahidi wa ugonjwa, kwa kuwa wasichana wengi wazima wanavyo. Vilevile prolaktini iliyopanda kidogo inaweza kutokana na msongo au dawa, hivyo hupimwa tena.

Mfano wa Kirongwe

Kirongwe ni kijiji na kata katika sehemu ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, Mkoa wa Pwani, kwenye barabara itokayo Kilindoni kuelekea Bweni. Mgonjwa wa huko huanza katika kituo cha huduma ya afya kilicho karibu, kisha hupelekwa Hospitali ya Wilaya iliyopo Kilindoni. Akihitaji daktari bingwa, ngazi inayofuata ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, mjini Kibaha, na juu yake Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Safari hiyo si fupi. Kutoka Kilindoni huvuka bahari kwa chombo hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha husafiri kwa basi hadi Mbagala, Dar es Salaam. Kibaha iko mbele zaidi, upande wa pili wa jiji. Ndege ipo, lakini nauli yake ni kubwa. Kwa hiyo kila safari isiyo na mpango ni hasara kwa familia ya mkulima au mvuvi. Barua ya rufaa yenye tarehe za dalili, orodha ya dawa, na majibu ya vipimo vilivyokwisha kufanyika hupunguza kurudia mambo upya. Inafaa pia kwenda na pakiti au makopo ya dawa na krimu zote, hata zile zinazoonewa haya.

Kizuizi kingine ni aibu. Kipimo cha mimba kikitangazwa, au kikifanywa mbele ya ndugu, msichana anaweza kukataa matibabu kabisa. Wahudumu wanatakiwa kutunza siri na kuzungumza naye faraghani. Ikiwa ni mwanafunzi na kipimo kinaonyesha mimba, tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni.

Ugonjwa na imani

Katika pwani ya Waswahili mabadiliko ya mwili wa msichana huweza kuelezwa kuwa kazi ya jini, shetani au husuda. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti mwaka 1965 katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, ameandika kwa kirefu kuhusu mashetani na waganga katika maisha ya wanakijiji. Familia nyingi huenda kwa mganga na hospitalini pia. Dua na faraja za ndugu hazizuii vipimo. Hatari ipo pale miezi inapopita kabla ya kupimwa, au pale dawa za kienyeji zinapomezwa bila daktari kujulishwa.

Dalili za kwenda hospitali mara moja

* Maumivu makali ya kichwa ya ghafla pamoja na kutoona vizuri.
* Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, hasa kukiwa na kutapika.
* Kuzimia au udhaifu mkubwa baada ya kuacha vidonge vya steroidi. Vidonge vilivyotumika kwa muda mrefu havikatwi ghafla, bali hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari.
* Maumivu makali ya tumbo la chini kwa mwanamke aliyekosa hedhi, kwa kuwa mimba inaweza kuwa nje ya mji wa mimba.

Matibabu

Matibabu hutegemea chanzo. Uvimbe mwingi wa pituitari unaotoa prolaktini hunywea kwa vidonge vya kabergolini au bromokriptini, bila upasuaji. Tezi ya shingoni iliyolegea hutibiwa kwa vidonge vya levothairoksini. Sindromu ya ovari yenye vifuko vingi husaidiwa na mazoezi, kupunguza uzito uliozidi, vidonge vya majira au metfomini. Uvimbe wa ovari au adrenali huondolewa kwa upasuaji. Baada ya hapo hedhi kwa kawaida hurudi na chunusi hupungua, lakini sauti iliyokwisha kuwa nzito mara nyingi hubaki hivyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutochelewesha uchunguzi.