Ngazi ya Vyeti: Walimu wa Jinja na Mbale na Masomo ya Baada ya Kazi

Mwalimu mkuu wa Jinja au Mbale anayesomea shahada ya uzamivu katika uongozi wa elimu kwa njia ya mtandao, huku mchana akiendelea kusimamia shule yake, mara nyingi huelezwa kana kwamba ni zao la intaneti, ilhali historia ya ualimu katika mashariki ya Uganda inaonyesha kuwa intaneti iliikuta desturi hiyo imekwisha kukomaa. Tangu miaka ya mwisho ya ukoloni walimu wa Busoga, iliko Jinja, na Bugisu, iliko Mbale, wamekuwa wakisoma bila kuacha chaki, na kilichobadilika zaidi ni chombo kinacholeta somo na kimo cha cheti kinachowaniwa.

Mzizi wa desturi hiyo ni madaraja ya ualimu. Mwalimu wa Daraja la Pili alifunzwa baada ya kumaliza shule ya msingi, wa Daraja la Tatu baada ya kidato cha nne, na wa Daraja la Tano alikuwa na stashahada iliyopatikana baada ya kidato cha sita; na kwa kuwa mshahara ulifuata daraja, walimu wawili waliofundisha watoto wale wale katika jengo moja waliweza kupokea malipo tofauti kwa sababu ya karatasi tu. Kujiendeleza, yaani kutafuta cheti cha juu ukiwa kazini, kulitokana na hesabu hiyo ya maisha kabla ya kutokana na kiu ya elimu, na hakuna haja ya kuwaonea haya walimu kwa sababu hiyo.

Chuo cha Makerere kilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953, ili wakufunzi wake waende kwa watu wazima huko mikoani, na Jinja na Mbale, miji iliyokuwa tayari na reli, posta na shule za misheni, ikawa miongoni mwa vituo vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 likaongezwa somo la posta, ambalo mwanafunzi alipokea katika bahasha na kurudisha majibu kwa bahasha nyingine. Utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata vilidhoofisha mipango hiyo, ingawa ni katika enzi ya Amin huyo huyo, kwenye mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974, ndipo lilipozaliwa wazo la chuo kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa hatimaye Mbale mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80, na elimu ikiwa miongoni mwa fani zake za kwanza.

Mwaka 1991 Makerere ilianza kutoa shahada ya elimu kwa walimu wenye stashahada waliobaki vituoni mwao, na hapo ndipo maisha ya mwanafunzi-mwalimu yalipopata umbo linalotambulika hadi leo. Mwanafunzi alipewa moduli, yaani kijitabu kilichoandikwa ili kishike nafasi ya mhadhiri, chenye maelezo, maswali ya kujipima na kazi za kuandika. Akakisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya darasa lake, kisha likizo ilipofika akafunga safari kwenda kukutana na wahadhiri ana kwa ana. Likizo, ambayo wengine waliihesabu kuwa mapumziko au msimu wa shamba, kwake ilikuwa muhula wa chuo.

Kwa walimu wakuu, hatua iliyokuwa na uzito zaidi ilikuja katikati ya miaka ya 1990, serikali ilipoanzisha mfumo wa kuendeleza na kusimamia walimu. Vyuo teule vya ualimu, kama kile cha Wanyange karibu na Jinja na kile cha Nyondo karibu na Mbale, vilikabidhiwa shule za maeneo yao, na wakufunzi waliokaa katika vituo vya uratibu walizizungukia shule hizo, huku walimu wakuu wakifundishwa utunzaji wa fedha, usimamizi wa walimu na upangaji wa kazi kwa kuchanganya moduli na vikao vya likizo. Mafunzo hayo yalifika kwa wakati wake, kwa maana mwaka 1997 elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, na mtu aliyekuwa mwalimu hodari akajikuta meneja wa umati.

Uzamivu wa uongozi wa elimu una nasaba inayofanana na hiyo. Shahada ya udaktari wa elimu, ambayo hulenga matatizo ya kazi kuliko nadharia tupu, ilianza Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na mwaka 1972 chuo cha Nova cha Florida kiliwafungulia viongozi wa shule walioko kazini programu ya udaktari ambamo watahiniwa walikutana kwa vikundi katika maeneo yao, wakifuatwa na wahadhiri. Mkufunzi wa Wanyange angeutambua mpango huo mara moja.

Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, na hasa shule za Uganda zilipofungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, kikao cha likizo kilihamia kwenye kioo cha simu. Mtahiniwa wa chuo cha ng'ambo bado hulazimika kupeleka shahada yake kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ili ilinganishwe na za nchini, na tangu Julai 2021 hulipa kodi ya asilimia 12 katika kila bando analonunua. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 14, 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku 5, na kwa siku hizo kilichosomeka Mbale na Jinja kilikuwa kile kilichokwisha kupakuliwa, au kuchapishwa kwenye karatasi kama moduli za mwaka 1991.