Mkebe wa Rangi, Kilemba Chekundu na Bunduki ya Abti

Wiki jana abti wangu alinipigia kutoka Masalani. Hakuuliza shule. Alitaka nimtafutie huku Nairobi mikebe miwili ya rangi ya kupuliza, mmoja rangi ya mchanga, mwingine kijani iliyofifia.

"Kitako ni cheusi mno, abti. Jua la Ijara linakifanya pasi."

Kwetu abti ni mjomba, na mjomba naye hukuita hivyo hivyo. Yeye ni polisi wa akiba, na G3 anayobeba ni ya serikali. Nakubali, kwanza niliona ni poa. Video ziko kibao: unapitisha msasa kidogo, unaosha mafuta yote maana plastiki yenye mafuta haishiki rangi, unapuliza nyembamba nyembamba, unaacha ikauke. Mwisho wake chombo kinatoka kama cha filamu.

Halafu nikakumbuka dubas.

Enzi za mkoloni, kwetu kuliitwa Northern Frontier District. Sheria ya 1926 ilifunga eneo lote, ile ya 1934 ikaongeza kubana watu wasitembee bila kibali. Waliotumwa kusimamia hayo huko nyikani ni askari wa kienyeji walioitwa dubas, jina linalotokana na kilemba chao chekundu. Hebu waza, nyekundu katikati ya vichaka vya kijivu! Aliyekivaa hakuwa anajificha. Kilemba kilikwambia kutoka mbali huyu ni wa nani, hata kabla hujaona bunduki.

Bunduki za zama hizo zilikuwa .303 za Lee-Enfield, kitako cha mbao. Mbao hunywa maji, huvimba, hupasuka. Ndiyo maana plastiki ilishinda. G3, ambayo jeshi la Ujerumani Magharibi lilianza kuitumia 1959, ndiyo iliyozoeleka kwa polisi wetu, na plastiki yake haijali mvua wala mchwa.

Lakini katikati hapo kuna Shifta. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, na makubaliano ya Arusha yakaja Oktoba 1967. Kwa miaka hiyo, mwanaume mwenye bunduki bila sare alikuwa shifta, basi, maelezo baadaye. Wazee wetu hawajasahau hiyo "baadaye".

Sasa rudi kwa abti. Tangu Operesheni Linda Boni ianze 2015, msitu wa Boni, unaogusa Ijara na Lamu, una wanajeshi, polisi na Al-Shabaab. Abti anatoka doria na macawis, koti kuukuu la polisi, na sasa anataka bunduki yenye mabaka yasiyofanana na ya mwenzake yeyote. Jioni, mita mia mbili, askari mgeni kutoka bara ataona nini?

Nikamwambia sheria ya silaha inakataza kuharibu alama za utambulisho. Akacheka. "Namba iko kwa chuma, abti, haiko kwa plastiki." Hapo yuko sahihi. Lakini nani husoma namba gizani?

Maoni yangu ni haya, mnitukane kwa komenti mkitaka: aliyetoa bunduki atoe na sare nzima, na kama vitako vinapakwa rangi, vipakwe vyote pale stesheni, rangi moja. Watu hawa walijitolea miaka mingi bila mshahara. Kuwaachia wajinunulie hata rangi ya kuwatofautisha na adui ni aibu.

Nilimweleza abti yote hayo, na hadithi ya dubas juu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hao wenye vilemba vyekundu, unadhani adui hakuwa anawaona?"

Sikuwa na jibu. Rangi bado sijanunua.