Garissa, Mji Uliofungwa kwa Sheria

Mkenya anayetafuta mahali pa kula vizuri na kupumzika huelekezwa Mombasa, Malindi au Lamu. Garissa hutajwa kwa joto na kwa hofu, na wengi huamini mji huo ulitengwa na maumbile: ukame, umbali, vichaka. Historia inasema vingine. Mji uko ukingoni mwa Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, kilomita 370 hivi kutoka Nairobi. Kilichouweka mbali zaidi ni sheria. Ile ya 1902 ilimpa mtawala wa kikoloni uwezo wa kufunga wilaya za pembezoni, na ya 1934 ikabana zaidi, hata kuingia na kutoka kukategemea kibali. Serikali huru ikaurithi mkono huo: tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta, uasi wa Wasomali wa eneo hilo waliotaka kujiunga na Somalia, vilizimwa 1967, lakini amri za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Katikati ya kipindi hicho, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto katika msako wa vyombo vya usalama. Mji ambao wenyeji wake walikuwa wakiishi hivyo ungejengaje desturi ya kupokea watalii?

Hata hivyo haukuwahi kuwa mji wa watu waliojifungia, na ushahidi ulio wazi kabisa uko kwenye sahani. Wali wenye iliki na mdalasini huletwa na nyama ya mbuzi au ya ngamia, na pembeni ndizi mbivu, ambayo mlaji huimega na kuichanganya na wali mkononi. Nyama ni ya mfugaji, na soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Ndizi ni ya mashamba ya kando ya Tana, ambako Wapokomo na Wamunyoyaya wamelima tangu zamani. Mchele na viungo ni vya biashara ya Bahari ya Hindi. Na tambi zinazoliwa hapa kama chakula cha kila siku zina asili yake katika Somalia ya Waitaliano, waliokabidhiwa Jubaland na Kismayu yake mwaka 1925. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa chini ya Kenya. Kisha kuna nyirinyiri: nyama hukatwa vipande virefu, ikaanikwa juani, ikakatwakatwa vipande vidogovidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Hukaa miezi bila jokofu. Hicho ni chakula cha watu wa safari.

Atakayepinga atataja usalama, na ana haki. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Msiba huo haupunguzwi kwa maneno, na sehemu za karibu na mpaka bado ni za kuendewa kwa tahadhari kubwa. Lakini Nairobi nayo ilishambuliwa, Westgate 2013 na Riverside 2019, wala hakuna aliyeifuta kwenye orodha ya miji ya kutembelewa. Tunaisamehe Nairobi kwa sababu tunaijua. Garissa tumerithishwa kuiogopa.

Wengine husema hakuna cha kuona. Twiga wa Bour-Algi, jirani kabisa na mji, wanalindwa na wanajamii wenyewe, na Ishaqbini kule Ijara kuna hirola, paa adimu ambaye asili yake ni eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia. Kikwazo ninachokiona kizito zaidi leo ni barabara ya kutoka Nairobi. Mafuriko ya 2023 na 2024 yaliikata pale Kona Punda, karibu na Madogo, abiria wakawa wanavushwa kwa mashua. Anayetaka wageni wafike Garissa, iwe serikali ya kaunti au ya taifa, aanzie hapo.