Pato la Taifa la Sudan Kusini

Sudan Kusini, iliyopata uhuru Julai 9, 2011, ilizaliwa na utajiri wa mafuta lakini bila njia yake ya kuyafikisha baharini. Takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitokana na bidhaa hiyo, nayo ilisafirishwa kwa mabomba kupitia Sudan hadi Port Sudan. Januari 2012, baada ya kuzozana na serikali ya Sudan mjini Khartoum kuhusu ada ya kupitisha mafuta, serikali ya Sudan Kusini mjini Juba ilifunga visima vyake vyenyewe. Mwaka huo pato la taifa liliporomoka kwa karibu nusu.

Uzalishaji ulirejea 2013. Desemba mwaka huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Kisha bei ya mafuta ikaanguka, na pauni ya nchi hiyo ikafuata.

Mafuta yenyewe yana kero yake: ni mazito kama nta, yasipopashwa moto huganda bombani. Ndivyo ilivyotokea Februari 2024, pale vita vya Sudan vilipokatiza dizeli ya vituo vya kusukumia, na bomba kuu likapasuka.

Ajabu ni kwamba, huku ikitegemea mafuta hivyo, nchi hiyo yenye ardhi ya rutuba kando ya Nile hupokea unga na vitunguu kwa malori ya Uganda yanayovuka mpaka wa Nimule.