Kuvuna Kabla ya Kukomaa

Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Minnesota kilichapisha masimulizi ya Maxidiwiac, mama mkulima wa kabila la Wahidatsa huko North Dakota, Marekani. Gilbert Wilson ndiye aliyeyaandika, na mkalimani alikuwa Edward Goodbird, mtoto wa mama huyo. Maxidiwiac anaeleza bustani za wanawake kando ya mto Missouri: mahindi, maharage, maboga, alizeti. Msomaji aliyelelewa Morogoro au Kitui hahitaji kuelezwa mengi. Mahindi, maharage na maboga yalitufikia kwa bahari kutoka Amerika, nasi tunayachanganya shambani vilevile.

Tunaachana kwenye kuchuma. Majira ya joto yakielekea ukingoni, Wahidatsa walishuka bustanini kila siku ya nne kuchuma maboga machanga, yenye umri wa siku hizo chache tu. Waliyakata vipande kwa kisu cha mfupa wa bega la nyati wa kwao, wakavitunga vijitini na kuvianika juu ya uchanja. Vikishakauka, viliwekwa akiba kwenye mashimo yaliyotandikwa nyasi. Ganda likishakuwa gumu kazi hiyo haifanyiki. Yaliyoachwa yakomae yalikuwa ya mbegu.

Sisi boga tunaliacha likomae, tukachuma majani. Anayejua msusa hachumi ovyo. Huchukua ncha hadi jani la tatu au la nne kutoka kileleni, kisha huvunja kikonyo na kuvuta uzi wake taratibu hadi mgongoni mwa jani, mpaka ule ukakasi uishe. Ndipo hukatakata na kuunga kwa nazi. Mmea uliokatwa ncha hutoa machipukizi ubavuni, na baada ya siku chache mama anarudi palepale.

Wale walichukua tunda changa, sisi jani changa, na pande zote mbili zilijua kwamba mmea ukiachiwa kukomaza mbegu zake hupunguza kutoa. Ujuzi huu ndio ninaouheshimu kuliko wingi wa makapu. Kungoja zao liive kila mtu anaweza; kuliwahi kunataka jicho linalopita bustanini kila mara.

Huwa tunaambiwa kwamba watu wa nchi za baridi huweka akiba, na sisi wa nchi za joto huchuma cha leo kwa sababu cha kesho kipo. Aliyekaa Tanga, penye vuli na masika, anaweza kuamini hivyo. Akae Dodoma. Mvua za huko huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na baada ya hapo mboga ya majani hupotea kwa miezi. Kwa hiyo Wagogo hukausha mlenda na kuutwanga uwe unga. Wasukuma wa Shinyanga huchemsha majani ya kunde, huyaanika na kuyahifadhi. Hiyo ndiyo nsansa, inayoungwa kwa karanga wakati nje hakuna kibichi. Mama wa Kisukuma na Maxidiwiac wangeelewana haraka kuliko mama wa Kisukuma na mwenye bustani wa Tanga. Ukame wa Shinyanga hufanya kazi ileile ya jalidi ya North Dakota.

Hata dungu tunalo sote. Wetu huamia ndege kwa kupiga madebe, kelele na kombeo. Wasichana wa Kihidatsa walikaa juu ya majukwaa yao wakiyaimbia mahindi, kwa imani kwamba mahindi yana roho na hupenda kuimbiwa, sawa na mtoto na mama yake. Hapo, nakiri, wametupita.

Bwawa la Garrison kwenye mto Missouri, lililokamilika mwaka 1953, lilifunika ardhi ya rutuba ya bustani za Wahidatsa, na familia zikahamia juu, kwenye udongo duni. Jinsi ya kukata boga na kutandika shimo imebaki kitabuni. Natamani kazi ya namna hiyo ifanywe Shinyanga, kwa Kisukuma kwanza, mama mmoja asimulie bila kukatizwa: majani ya kunde huchumwa yakiwa ya umri gani, huchemshwa kwa muda gani, huanikwa juani au kivulini, hugeuzwa mara ngapi, na nani alimfundisha.