Maumivu ya kiuno: kile uchunguzi unasema, na kile kinawahusu wachimbaji wa Mutoshi

Kule Mutoshi, pembeni ya mji wa Kolwezi, mgongo ni chombo cha kazi kama nyundo na tarimbo. Mchimbaji anainama ndani ya shimo. Mwenzake anavuta mfuko kwa kamba mpaka juu. Mwingine anaubeba mpaka kwenye maji, na pale wamama wanaosha na kuchagua mawe, wameinama kwa saa nyingi. Jioni wengi wanasema neno moja: kiuno kinaluma.

Kesho yake watu wanafuata njia zile zile tatu. Kuna wenye kulala kitandani siku mbili tatu. Kuna wenye kununua vidonge ao kuchomwa sindano. Kuna wenye kufunga mkaba kiunoni na kurudi kazini. Uchunguzi uliofanywa katika miaka 30 iliyopita unaonyesha kuwa njia hizo tatu hazisaidii kama vile watu wanafikiri, na kwamba feza nyingi inapotea bure.

Ugonjwa wa watu wengi

Maumivu ya kiuno yanashika sehemu ya chini ya mgongo, katikati ya mbavu na matako. Kufuatana na hesabu ya dunia iliyotolewa mwaka 2023, watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo mwaka 2020, na wanaweza kufika milioni 843 mwaka 2050. Hakuna ugonjwa mwingine duniani unaofanya watu wengi zaidi waishi na ulemavu, wadogo kwa wakubwa.

Katika Afrika, watafiti walikusanya masomo 65 na kutoa matokeo mwaka 2018. Waliona kuwa watu 57 kwa 100 wanapata maumivu ya kiuno ndani ya mwaka mmoja. Ukiuliza watu siku yoyote, karibu 4 kati ya 10 wanajibu kuwa kiuno kinawaluma siku ile ile.

Kwa upande wa Katanga ya zamani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulifuata wachimbaji 180 wa mikono kule Lupoto. Ndani ya miezi 12 walihesabu ajali 392. Sababu ya kwanza ilikuwa vyombo vya kazi, na sababu ya pili, karibu ajali moja kati ya tatu, ilikuwa kubeba na kusukuma mizigo mizito. Wachimbaji 8 kati ya 10 walitunzwa na wenzao wa kazi, si na munganga.

Maumivu yanatoka wapi

Mwaka 1934, wanganga wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza kuwa kisahani laini kinachokaa kati ya pingili za uti wa mgongo kinaweza kutoka mahali pake na kukandamiza mshipa wa fahamu. Walikuwa na haki. Lakini baada yao watu walianza kulaumu kisahani kwa karibu kila maumivu ya mgongo.

Picha za kisasa zimepunguza hofu hiyo. Mwaka 2015, watafiti walikusanya picha za watu 3110 ambao hawakuwa na maumivu hata kidogo. Kati ya wenye miaka 20, watu 37 kwa 100 walikuwa na visahani vilivyochakaa. Kati ya wenye miaka 80, walikuwa 96 kwa 100. Maana yake ni hii: mgongo unazeeka kama ngozi na nywele, na picha inayoonyesha "mgongo umechakaa" haionyeshi lazima kwamba maumivu yanatoka pale. Mtu asiye na dalili za hatari hana lazima ya kuuza kitu cha nyumba ili alipe picha.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kuwa kwa watu karibu 9 kati ya 10 haiwezekani kuonyesha kitu kimoja cha mwili kilichoharibika. Hiyo haimaanishi kuwa mgonjwa anadanganya. Inamaanisha kuwa misuli, viungo na mishipa vimechoka ao vimekasirika, bila kitu kuvunjika.

Uzito ni sababu kubwa. Misuli inayonyoosha mgongo inakaa karibu sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya uti. Mtu akishika mzigo wa kilo 20 mbele yake, sentimita 50 mbali na uti, misuli inapashwa kuvuta kwa nguvu ya karibu mara 10 ya uzito ule. Ndiyo maana mzigo ule ule unaluma ukiwa mbali na mwili, na hauumizi sana ukikumbatiwa.

Huko Marekani, taasisi ya usalama wa kazi NIOSH iliweka kipimo cha kilo 23 kuwa mzigo wa juu, tena pale hali yote ni nzuri: mzigo uko karibu na mwili, mtu hajipindi, hainami mpaka chini, na hanyanyui mara nyingi. Mfuko wa saruji, ule kila mtu wa Kolwezi anaujua, uko na kilo 50. Ni zaidi ya mara mbili.

Kisha kuna mtikisiko. Madereva wa malori makubwa na mashine za mgodi wanatikiswa siku nzima, na wao pia wanaonekana sana katika hesabu za maumivu ya kiuno. Tumbako, unene wa kupita kiasi, usingizi mbaya na mashaka ya maisha vinaongeza hatari. Mtu mwenye deni, anayeogopa kwamba kesho hatapata chakula cha watoto, anasikia maumivu kwa nguvu zaidi na yanakawia kuisha.

Watu wengi wanasema "ni figo" kila mara kiuno kinaluma. Figo ikiwa na maambukizi, kwa kawaida kuna homa, kutetemeka, maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu, ao mkojo unaochoma. Kiuno kikiluma wakati wa kuinama na kupoa wakati wa kupumzika, mara nyingi si figo.

Kulala, mkaba na vidonge

Mwaka 1995, kule Helsinki, wafanyakazi 186 wa mji waliopatwa na maumivu ya ghafla waligawanywa katika vikundi vitatu. Kikundi kimoja kililala siku mbili, kingine kilifanya mazoezi ya mgongo, cha tatu kiliambiwa kuendelea na maisha ya kila siku kadiri maumivu yanaruhusu. Cha tatu ndicho kilipona vizuri zaidi. Wale waliolala ndio walikawia kabisa.

Mkaba wa kiuno ulichunguzwa kwa wafanyakazi 9377 wa maduka ya Marekani, na matokeo yalitoka mwaka 2000. Wale waliouvaa kila siku waliumia sawasawa na wale wasiouvaa. Mwaka 2023, OMS ilitoa mashauri yake ya kwanza juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yale yanayopita miezi mitatu, na ilisema wazi: mkaba usitolewe kuwa matibabu, wala kuvuta mgongo kwa mashine.

Kuhusu vidonge, uchunguzi wa Australia wa mwaka 2014 kwa watu zaidi ya 1600 ulionyesha kuwa paracetamol haikuharakisha kupona: wenye kuimeza walipona katika siku 17 hivi, na wenye kumeza kidonge kisicho na dawa katika siku 16. Uchunguzi mwingine wa Australia, wa mwaka 2023, ulijaribu dawa kali ya jamii ya opioidi kwa maumivu mapya ya kiuno na shingo. Haikushinda kidonge kisicho na dawa. Tramadol ni ya jamii hiyo hiyo. Inamfanya mtu asisikie uchovu, anabeba mfuko mwingine juu ya mgongo ulioumia, na mwili unaizoea mpaka kuiacha kunakuwa taabu. OMS inasema dawa za jamii hiyo zisitumiwe kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu.

Ibuprofen na diclofenac zinaweza kupunguza maumivu kidogo, kwa siku chache. Lakini zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, zaidi kwa mtu anayetoka jasho siku nzima bila kunywa maji. Mama mwenye mimba asizimeze bila kuuliza munganga. Sindano inayochomwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mshipa mkubwa wa mguu na kuleta ulemavu. Na kuchanjwa mgongoni kwa wembe uliotumiwa na wengine kunaweza kuleta UKIMWI na ugonjwa wa ini.

Kile kinasaidia

Habari njema ni kwamba maumivu mapya mengi yanapungua sana ndani ya juma sita. Hata yale yanayoshuka mpaka chini ya goti, kwa sababu mshipa umekandamizwa, mara nyingi yanaisha bila kupasuliwa. Mwaka 2007, wanganga wa Uholanzi walifuata wagonjwa 283 wa aina hiyo. Wale waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka, lakini mwisho wa mwaka vikundi vyote viwili vilikuwa sawasawa.

Kazi kubwa ni kuzuia maumivu yasirudi. Mwaka 2024, uchunguzi wa Australia kwa watu 701 waliokuwa wamepona ulitumia dawa isiyo na bei: kutembea. Walianza polepole, wakapanda mpaka dakika 30, mara tano kwa juma. Kwa wale waliotembea, nusu yao walikaa siku 208 ao zaidi bila maumivu kurudi. Kwa wale ambao hawakuelekezwa, ilikuwa siku 112. OMS inakubali pia mazoezi ya kuimarisha misuli, mafundisho juu ya ugonjwa, masaji, na msaada kwa mashaka ya moyo. Mtaalamu wa mazoezi, yule watu wanaita kine, ndiye anajua kupanga kazi hiyo.

"Tembea" si "beba"

Mashauri hayo yalizaliwa mbali na Lualaba. Mtu wa ofisi ya Helsinki akiambiwa "endelea na kazi", anarudi kwenye meza. Mchimbaji wa Mutoshi akisikia vile vile, anarudi kwenye mfuko. Kwa hiyo neno lipashwa kusemwa vizuri: mwili uendelee kutembea, lakini mzigo upungue kwa juma chache. Hapo ndipo shida iko. Mchimbaji wa mikono wengi hana mkataba, hana siku ya ugonjwa yenye kulipwa. Asipobeba, hali.

Uchunguzi unaonyesha pia kuwa kumfundisha mtu "kunja magoti" bila kupunguza uzito hakuzuii maumivu. Kinachobadilisha mambo ni kazi yenyewe. Mutoshi iliona mfano. Mwaka 2018, kampuni ya Chemaf, pamoja na Trafigura, shirika la Pact na kooperative COMIAKOL, walianzisha mradi ambamo mashine ziliondoa udongo wa juu, wachimbaji wakafanya kazi katika mashimo ya wazi, na wamama wakaruhusiwa kazini. Mradi ulisimama mwaka 2020, wakati wa COVID-19. Ulilenga zaidi mashimo yasiporomoke, lakini unafundisha jambo: mashine ikichukua sehemu ngumu, mgongo wa mtu unabaki na sehemu ndogo.

Kuna mambo hayangoji mashine. Mfuko mmoja mzito unaweza kugawanywa katika miwili. Watu wawili wanaweza kunyanyua pamoja. Meza ya mbao yenye kufika kiunoni inamwondolea mama anayechagua mawe kuinama siku nzima. Wabebaji wanaweza kubadilishana na wachaguzi kila saa chache. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mikono anapashwa kuwa ndani ya kooperative, na SAEMAPE ndiyo huduma ya serikali inayowafuatilia. Uzito wa mfuko ni jambo la kuweka mbele yao, sawa na bei ya mawe.

Dalili za kwenda hospitali bila kukawia

- Mkojo ao choo vinakataa kutoka, ao vinatoka bila mtu kujua; ganzi katikati ya mapaja; miguu inapoteza nguvu. Hapo ni saa, si siku.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka ndani ya shimo, kuangukiwa na udongo, ao ajali ya pikipiki. Mtu huyo asivutwe mikono na miguu. Abebwe amelala juu ya ubao, mwili umenyooka.
- Homa, kukonda, jasho la usiku, ao maumivu yasiyopoa hata wakati wa kulala. Inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vumbi la mawe linaongeza hatari ya kifua kikuu, na katika RDC dawa zake zinatolewa bure.
- Mtu aliyekuwa na kansa, ao mwenye virusi vya UKIMWI, anayeanza kuluma mgongo bila sababu.

Mbele ya munganga ao muuguzi, mgonjwa aseme mambo matatu: maumivu yalianza lini, anabeba nini kazini, na dawa gani amekwisha kumeza, hata zile za barabarani. Hilo la pili wengi wanalisahau, na mara nyingi ndilo linaeleza mengine yote.