Nani aliandika ile mesaji?

Ndugu zangu wa promosio, mwezi uliopita mudogo wangu wa miaka 15 aligoma kwenda masomo siku tatu. Mama alifikiri ni malaria. Kumbe aliweka linki ya NGL kwenye statusi yake ya WhatsApp, ili watu wamwambie lolote bila kutaja jina, na mtu akamwandikia juu ya mwili wake maneno ambayo sitayarudia hapa. Usiku akaniuliza: "Yaya, ni nani njo aliniandikia ivi? Ni wa mu klasi yetu?"

Sikuwa na jibu. Lakini mimi nilisoma historia, nikaanza kutafuta hii bintu ilitoka wapi.

Ask.fm ilianza Latvia mwaka 2010. Kufika 2013, kule Uingereza vijana walikuwa wamejiua, na wazazi wakayataja matusi ya humo, hata waziri mkuu David Cameron akawaomba watu wasuse mitandao ya namna hiyo. Mwaka uleule, vijana wawili waliotoka tu kumaliza Furman University, Marekani, wakatengeneza Yik Yak. Hao wananigusa, ju ni gradue kama sisi. Yik Yak ilionyesha tu maneno ya watu walio karibu nawe, kilometa chache. Maana yake anayekutukana pengine amekaa benchi ya nyuma yako. Mwaka 2014 kampuni yenyewe ililazimika kuizima kwenye maeneo ya shule za sekondari za Marekani. Wawekezaji waliipa thamani ya mamia ya milioni za dola. Aprili 2017 ikafungwa. Mwaka 2021 ikarudi tena, jina lilelile.

Sarahah ilikuwa na nia nzuri: Zain al-Abidin Tawfiq wa Saudia alitaka wafanyakazi wamwambie mkubwa wao ukweli bila woga. (Nani kati yetu hangeitaka hiyo kazini?) Ikaingia mikononi mwa watoto mwaka 2017. Mwaka 2018 Apple na Google wakaiondoa, baada ya mama mmoja wa Australia kukusanya sahihi za watu.

Sasa NGL yenyewe. Julai 2024, FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, iliishitaki kwamba ilikuwa inawatumia watu mesaji za uongo ilizotunga yenyewe, kisha inawauzia siri ya aliyeandika, hadi dola 9.99 kwa juma. Anayelipa alipewa vidokezo tu. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 na kutowapokea tena walio chini ya miaka 18. Dola 9.99! Mama yangu anauza samaki siku ngapi apate hiyo faida?

Kwa hiyo pengine hakuna mtu aliyeandika. Lakini ile ya mudogo wangu ilitaja sketi aliyovaa Jumapili. Mashine haikuwa kanisani.

Nikamwonyesha jambo lingine. Novemba 2015 mtu alitishia kwenye Yik Yak kuwapiga risasi wanafunzi weusi wa University of Missouri. Kesho yake polisi wakamkamata, mwanafunzi wa chuo kingine. Basi, jina lilifichwa kwa waliotishwa tu; kampuni ilikuwa na njia ya kumfikia. Mudogo wangu akanyamaza, halafu: "Kumbe ni mimi tu njo sijue?"

Alipiga picha ya mesaji, akafuta linki, akamwambia mama mwenyewe. Mama akaenda kwa prefe wa masomo. Prefe akamuliza juu ya nini mutoto iko na simu. Tulirudi mara ya pili, mimi na ile picha, ndipo akawaita watoto wa klasi na kuongea nao.

Alhamisi alirudi masomo. Juzi nimeangalia statusi: yake haina linki tena. Rafiki yake wa benchi moja ameiweka asubuhi ileile.